Chuma cha Upare na Muundo wa Atomi: Somo Linaloanzia Tanurini na Kuishia Hospitalini

Mvua kubwa inapopita katika Milima ya Upare, vijito huacha kandokando mistari ya mchanga mweusi, mzito kuliko mchanga wa kawaida, ambao hunata kwenye sumaku. Mchanga huo ni magnetaiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kabla ya ukoloni, mafundi wa Upare, hasa wale wa Ugweno upande wa kaskazini, waliuosha mchanga huo, wakauchoma kwa mkaa ndani ya tanuri la udongo huku mivukuto ya ngozi ikipuliza hewa, na wakapata chuma cha majembe, mapanga na mikuki. Ukoo wa Washana ndio uliojulikana zaidi kwa uhunzi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika utafiti wake wa historia ya Wapare uliochapishwa mwaka 1969, alionyesha kwamba Washana walikuwa wakuu wa Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kushika utawala. Chuma chao kilivuka bonde na kufika kwa wahunzi wa Kilimanjaro.

Chuma hicho hicho kimo katika damu ya kila mkazi wa Same. Mwili wa mwanamume mzima una takribani gramu 4 za chuma, uzito wa msumari mmoja, na sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika himoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu wake na kubeba oksijeni. Inakuwaje kitu kimoja kiwe mchanga mweusi mtoni, jembe shambani na sehemu ya damu mwilini? Jibu limo katika muundo wa atomi. Jibu hilo si la darasani peke yake. Linaeleza kwa nini jiko la mkaa huua watu waliolala, kwa nini mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, na kwa nini mgonjwa wa saratani hapaswi kuikimbia mashine ya mionzi.

Dalton na mizani

Wazo kwamba vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo zisizogawanyika ni la kale. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita Demokrito wa Ugiriki alilifundisha, na neno lenyewe "atomi" katika lugha yake lina maana ya kisichokatika. Hata hivyo, hilo lilikuwa wazo la mwenye hekima, halikuwa na kipimo cha kulithibitisha.

Kipimo kilikuja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa mwalimu Mwingereza, John Dalton. Dalton alitazama uzito wa vitu vinavyoungana. Mfano mzuri unapatikana katika moshi wa tanuri la mhunzi. Mkaa, ambao karibu wote ni kaboni, ukiungua huweza kutoa gesi mbili. Katika gesi ya kwanza, kila gramu 3 za kaboni huchukua gramu 4 za oksijeni. Katika ya pili, gramu 3 zile zile huchukua gramu 8. Haitokei gramu 5 wala 6 na nusu. Ni 4 au 8, mara mbili kamili. Dalton aliona kwamba jambo hili hueleweka kwa urahisi ikiwa kaboni na oksijeni zimeundwa kwa chembe nzima nzima zinazoungana kwa hesabu: katika gesi moja, kaboni moja na oksijeni moja; katika nyingine, kaboni moja na oksijeni mbili. Leo gesi ya kwanza huitwa kaboni monoksaidi na ya pili kaboni dayoksaidi.

Tofauti ya atomi moja tu ya oksijeni hufanya tofauti kubwa. Kaboni dayoksaidi imetosheka. Kaboni monoksaidi bado ina kiu ya oksijeni. Ndani ya tanuri la Upare, kaboni monoksaidi ndiyo iliyofanya kazi halisi: iliunyang'anya mchanga mweusi oksijeni yake, ikageuka kaboni dayoksaidi na kutoka kama moshi, huku nyuma kikibaki chuma. Joto la tanuri kama hilo hufikia nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, na chuma huyeyuka katika nyuzi 1,538. Kwa sababu hiyo chuma hakikumiminika kama maji. Kilibaki bonge lenye matundu, wakati uchafu ulioyeyuka ulitiririka chini na kuganda kuwa mavi ya chuma, ambayo bado huokotwa milimani na kuwaonyesha wanaakiolojia mahali palipokuwa na matanuri.

Elektroni: chembe iliyokuwa haionekani

Kwa karibu miaka 100 wanasayansi waliamini kwamba atomi haigawanyiki. Mwaka 1897, huko Cambridge, J. J. Thomson alichunguza mionzi inayotokea umeme unapopita katika chupa iliyoondolewa hewa. Aliona kwamba mionzi hiyo hupindishwa na sumaku na kwa nguvu ya umeme, na kwamba ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi kuliko atomi yoyote. Tena chembe hizo zilikuwa zile zile, hata madini yaliyotumika katika chupa yakibadilishwa. Hizo ndizo elektroni, na uzito wa moja ni kama sehemu moja tu ya 1,836 ya atomi nyepesi kuliko zote, haidrojeni. Kisichokatika kilikuwa kimekatika.

Ugunduzi huo unatufungulia siri ya mhunzi. Atomi ya chuma iliyo kamili ina elektroni 26. Inapoungana na oksijeni, hupoteza baadhi: wakati mwingine mbili, wakati mwingine tatu. Magnetaiti ya Upare ina hali zote mbili. Katika kila atomi 3 za chuma, moja imepoteza elektroni 2 na mbili zimepoteza 3. Kuyeyusha chuma, kwa lugha ya atomi, ni kuzirudishia atomi hizo elektroni zake. Kutu ni safari ya kurudi: jembe lililoachwa mvuani hutoa tena elektroni kwa oksijeni.

Mwilini, tofauti ya elektroni moja huwa suala la uhai. Himoglobini hubeba oksijeni pale tu chuma chake kinapokuwa kimepoteza elektroni 2. Kikipoteza ya tatu, hakibebi tena, na seli nyekundu zina vimeng'enya vyenye kazi ya kuirudisha elektroni hiyo. Utumbo nao hupokea kwa urahisi zaidi chuma kilichopoteza elektroni 2. Chuma kilichomo katika mboga za majani, maharage na nafaka kwa kawaida ni kile kilichopoteza 3. Vitamini C huweza kukipatia elektroni. Hii ndiyo sababu ya ushauri unaotolewa kliniki: kamulia limau kwenye mchicha, kula chungwa au pera pamoja na chakula, na usinywe chai wakati wa mlo, kwa kuwa chai ina vitu vinavyokishika chuma kisifyonzwe. Vidonge vingi vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito vina chuma ambacho tayari kimepoteza elektroni 2 tu. Chuma kisichofyonzwa huufanya choo kuwa cheusi. Hiyo si dalili ya kuacha dawa. Lakini vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akivimeza vingi anaweza kufa.

Gesi ya tanuri ndani ya chumba cha kulala

Hapa ndipo gesi ya Dalton inaporudi. Usiku wa baridi katika vijiji vya juu milimani, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha ili wapate joto. Hewa inapopungua, mkaa huanza kutoa kaboni monoksaidi nyingi, kama ilivyokuwa tanurini.

Kila molekuli ya himoglobini ina atomi 4 za chuma, na kila moja hushika oksijeni kwa muda na kuiachia inapohitajika. Kaboni monoksaidi hukaa mahali pale pale pa oksijeni, lakini hung'ang'ania kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Haichukui chuma, wala haikiharibu. Inakalia kiti na kukataa kuondoka. Seli moja nyekundu ina molekuli za himoglobini kama milioni 270, yaani atomi za chuma zaidi ya bilioni moja, na bado gesi kidogo tu iliyomo katika hewa ya chumba inatosha, saa zikipita, kuzishika nyingi kati ya hizo.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Harufu ya moshi si onyo la kutegemea, kwa kuwa mkaa uliokolea na usiotoa moshi ndio unaodhaniwa kuwa salama. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na aliyelala huenda asizione kabisa. Mjamzito yumo katika hatari maradufu, kwani mtoto tumboni huumia hata pale mama anapoonekana kuwa na nafuu. Anayekutwa katika hali hiyo atolewe nje mara moja kwenye hewa safi na apelekwe hospitali, ambako atapewa oksijeni nyingi ili iishinde gesi na kuiondoa kwenye chuma. Wahudumu wa afya wakumbuke pia kwamba kifaa cha kawaida cha kupimia oksijeni kidoleni hudanganywa: huihesabu himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi kana kwamba imebeba oksijeni, kikaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.

Rutherford na kiini

Kama atomi ina chembe zenye chaji hasi, lazima pawepo chaji chanya ya kuzisawazisha. Thomson alidhani imetapakaa katika atomi nzima. Mwaka 1909 huko Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba sana ya madini. Karibu zote zilipenya. Chache sana, kama moja kati ya maelfu, zilirudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford alitoa maelezo: chaji chanya yote, na karibu uzito wote wa atomi, umekusanyika katika kiini kidogo mno, na sehemu kubwa iliyobaki ni uwanda wa elektroni.

Atomi ya chuma ni ndogo kiasi kwamba atomi milioni 4 zikipangwa mstari hufikia milimita 1 tu. Tuikuze hadi kiini chake kiwe na ukubwa wa punje ya choroko yenye milimita 5, kisha tuiweke punje hiyo katikati ya kituo cha mabasi cha Same. Ukingo wa atomi ungekuwa karibu mita 70 kutoka pale, kila upande. Hata hivyo zaidi ya asilimia 99.9 ya uzito wa atomi hiyo ungekuwa ndani ya punje.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alieleza kwamba elektroni hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Wataalamu wa miaka ya 1920, akiwemo Erwin Schrödinger mwaka 1926, walisahihisha picha hiyo: elektroni haizunguki kama jiwe lililofungwa kamba. Ipo zaidi kama ukungu unaofunika kilele cha Shengena, mzito mahali fulani na mwepesi kwingine. Uzito wa ukungu ndio unaoonyesha mahali inapowezekana zaidi kuikuta.

Namba inayotaja jina

Mwaka huo wa 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alipima eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali. Mpaka wakati huo elementi zilipangwa hasa kwa uzito, nao uzito ulileta utata: kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, ilhali tabia zake zinaiweka kabla ya nikeli. Vipimo vya Moseley vilipanda kwa hatua zilizo sawa kutoka elementi moja hadi nyingine, na vikaonyesha kwamba kinachoipa elementi nafasi yake ni hesabu ya chaji chanya katika kiini. Chuma ni 26, kobalti 27, nikeli 28. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Chembe hizo zenye chaji chanya zilikuja kuitwa protoni, na mwaka 1932 James Chadwick akathibitisha kuwepo kwa chembe ya tatu, nyutroni, isiyo na chaji.

Kwa hiyo swali la mwanzo limejibiwa. Mchanga, jembe na damu hutofautiana kwa elektroni na kwa majirani ambao atomi imeungana nao. Kiini chenye protoni 26 hakikuguswa na moto wa mhunzi, wala hakiguswi na tumbo la mlaji. Ndiyo maana chuma hubaki chuma.

Jasi ya Makanya na picha ya mfupa

Namba ya protoni ndiyo pia inayoifanya picha ya eksirei iwezekane. Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aliigundua mionzi hiyo Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe. Misuli na mafuta hujengwa zaidi na haidrojeni, kaboni, nitrojeni na oksijeni, ambazo namba zake ni 1, 6, 7 na 8. Mfupa una kalsiamu, namba 20, na fosforasi, namba 15. Kwa mionzi itumikayo kupigia picha, uwezo wa kuifyonza hukua karibu kwa kipeo cha tatu cha namba hiyo. Kwa uzito ule ule, kalsiamu huifyonza zaidi ya mara 15 kuliko oksijeni. Mfupa huizuia, nyama huipitisha, na picha hupatikana.

Makanya, wilayani Same, huchimbwa jasi, ambayo ni kalsiamu iliyoungana na salfa, oksijeni na maji. Ikipashwa joto la nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga. Unga huo ukirudishiwa maji huganda na kutoa joto, joto lile analolihisi mgonjwa anapofungwa hogo baada ya kuvunjika mkono. Na kwa kuwa hogo hilo lina kalsiamu kama mfupa, daktari akipiga picha juu yake huona kivuli chake pia.

Mionzi: hofu na kipimo

Eksirei huweza kuzing'oa elektroni kutoka katika atomi za mwili, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Picha moja ina madhara madogo sana, lakini haipigwi bila sababu, na mwanamke mwenye ujauzito au anayedhani anao aseme mapema. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki mwilini kama vile mwanga wa taa usivyobaki chumbani taa ikizimwa.

Mionzi ya aina nyingine hutoka katika kiini chenyewe. Henri Becquerel aliiona mwaka 1896, na Marie Curie, aliyeitafiti kwa miaka mingi kabla watu hawajaijua vyema hatari yake, alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Kobalti ya kawaida ina nyutroni 32. Ikiongezwa moja, kiini hukosa utulivu na kutoa mionzi ya gama, na nusu ya viini hivyo hugeuka nikeli katika miaka 5 na miezi 3 hivi. Mionzi hiyo imetumika miaka mingi kutibu saratani, ikiwemo ya mlango wa kizazi, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mgonjwa anayetibiwa kwa mashine ya nje hageuki kuwa chanzo cha mionzi, kwa sababu mionzi hiyo huzigusa elektroni za mwili wake na kuviacha viini vilivyo. Akirudi nyumbani anaweza kumbeba mjukuu wake na kula naye sahani moja. Mama anayeahirisha tiba kwa kuogopa kuwadhuru wanawe hukimbia hatari isiyokuwepo na kuiacha saratani iendelee kukua.

Hatari ya kweli ipo kwenye vyanzo vyenyewe vya mionzi vinavyoachwa bila ulinzi. Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 iliipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania jukumu la kuvidhibiti. Anayenunua vyuma chakavu akikuta chombo kizito cha madini ya risasi chenye alama ya mapanga matatu ya mionzi, asikifungue wala asikikate. Akae mbali nacho na atoe taarifa kwa mamlaka.

Maswali ya kujipima

1. Atomi ya chuma inapotoka katika mchanga mweusi na kuwa jembe, ni sehemu ipi ya atomi inayobadilika, na ipi inabaki vile vile?
2. Eleza kwa nini limau husaidia, na chai huzuia, chuma cha mboga kuingia katika damu.
3. Gesi moja ilimsaidia mhunzi na humuua aliyelala. Inafanya nini kwa oksijeni tanurini, na inafanya nini kwa chuma katika damu?
4. Jirani ameambiwa aende Dar es Salaam kupata tiba ya mionzi, naye anaogopa kuwadhuru watoto wake atakaporudi. Ukitumia ulichojifunza kuhusu elektroni na kiini, utamwelezaje ili aanze safari?